Wimbo Niliouanzisha Mimi

Mwanangu Eliamani,

Usiucheke mwandiko wangu. Mara ya mwisho kushika kalamu kwa kazi ndefu nilikuwa binti wa darasa la kipaimara, na hata wakati ule mwalimu alisema herufi zangu zinatembea kama kuku waliotishwa. Nakuandikia Kiswahili kwa sababu ndicho nilichofundishwa kuandika. Kimeru chetu ni cha kusema, na kusema nimeshindwa. Nimejaribu kukuambia jikoni, nimejaribu zizini, hata juzi tulipokuwa tunachuma kahawa nilifungua mdomo, nikaishia kukuuliza kama umekula. Sasa umeshuka Makumira kumuaga shangazi yako. Jua bado lipo, na mimi nimekaa mlangoni penye mwanga na karatasi nilizoomba kwa mwinjilisti. Nataka nimalize kabla hujarudi, maana nikikuona nitaacha.

Sitakuandikia habari za kujifunika blanketi wala kunywa maji yaliyochemshwa. Huko Keya, jeshini kwa Waingereza, kuna makoplo wanaolipwa mshahara kwa kuwafokea watoto wa watu mambo hayo, waache wafanye kazi yao. Zaburi nazo unazo katika kitabu cha marehemu baba yako, nimekifunga ndani ya shati lako la bluu. Ninalotaka kukuandikia ni jambo moja tu, na ni la aibu yangu. Kesho asubuhi unakwenda vitani kwa ajili ya kosa ambalo hukulifanya. Nililifanya mimi, na nilikutwisha wewe.

Nianze mbali kidogo. Mwenye aibu hapiti njia ya mkato.

Unajua kwamba kijiji chote kinanijua kwa sauti. Kanisani naanzisha mimi, na njiani naanzisha mimi. Wanaume hamjawahi kubeba majani ya ng'ombe kutoka mbugani, kwa hiyo hamjui njia ile ilivyo. Kutoka kule chini hadi kwetu ni kupanda tu, na mzigo wa majani mabichi ukikaa kichwani shingo inazama mabegani. Bila wimbo hakuna anayefika. Mmoja anaanzisha, wengine wanaitikia, na wimbo lazima uwe wa kumcheka mtu, maana kicheko ndicho kinachosukuma miguu. Tumewaimba wanaume wavivu wa kuzibua mfereji. Tulimwimba mwalimu aliyenunua viatu vidogo kuliko miguu yake kwa sababu vilikuwa na kamba nzuri. Aliyeimbwa haruhusiwi kukasirika, akikasirika anaongezewa ubeti.

Baba yako mwenyewe nilimpata hivyo. Nilimwimba kwamba ana ng'ombe mmoja, mwembamba hata kupe wamemhama. Jumapili iliyofuata alikuja kwetu na ng'ombe wake watatu, eti anawapeleka kunywa maji, ilhali maji yalikuwa upande wa pili. Baba yangu akawaona ng'ombe, mimi nikamwona mwenye ng'ombe. Tulipokwisha kuoana alipenda kunisikiliza nikiimba, lakini siku moja nilipomwimba dada yake kuhusu mimba iliyotoka, aliniita nyuma ya nyumba. Hakugomba. Alisema, "Mke wangu, huo ulimi wako unapenda nyama. Siku utakapoikosa ya nje, utakula ya nyumbani." Nilicheka. Nilimwambia wivu unamsumbua. Natamani angekuwa hai nimwambie kwamba alisema kweli, ingawa najua angekwenda tu kutazama migomba.

Basi vita hivi vilipofika, mshili, mkuu wa kijiji chetu, na tarishi wake wakapita kila boma kutafuta vijana wa kupeleka jeshini. Walipofika kwetu nilijificha nyuma ya mlango. Mshili akakutazama, akasema mbele ya watu, "Huyu abaki. Boma la mjane haliachwi bila mwanamume." Nililia kwa furaha. Tangu siku ile, mwanangu, nikaanza kutembea na shingo ndefu. Wenzangu walikuwa wanawaficha watoto wao na kuamka usiku mbwa akibweka, mimi nalala. Mkuki kwa nguruwe, ndivyo nilivyokuwa. Vita vikawa ni jambo la watu wengine, la kuongelea mtoni.

Kisha Zefania wa jirani akatoweka. Mama yake aliwaambia watu kwamba amekwenda upande wa Moshi kutafuta kibarua katika shamba la Mzungu. Wote tuliitikia ehe, ehe, tukijua kila mtu ana lake. Nawe ukaanza kula kwa ajabu. Loshoro ya watu watatu inakwisha, mahindi na maziwa ya mgando nikiyaweka jioni asubuhi chungu kimekauka, na wewe hunenepi. Sikukuuliza. Siku moja, mchana, nilikufuata ndani ya migomba. Nilikuona ukiingia kwa kina Zefania kwa mlango wa ng'ombe, nikachungulia penye ufa. Ulisimama chini ya dari wanapoweka majani ya mifugo, ukanyanyua kifurushi, na mkono ukashuka kukipokea. Niliutambua kwa kovu la panga kwenye kidole gumba. Nililifunga mimi jeraha lile, mlipokuwa wadogo.

Wewe hukuniambia kitu, Eliamani. Nataka niliandike waziwazi ili hata mtu mwingine akiisoma karatasi hii alijue. Hukuniambia kitu. Niliona mwenyewe kwa macho yangu ya udaku.

Ningekuwa mama wa maana ningerudi jikoni na kuongeza loshoro. Zefania si mtoto wa jirani tu. Mama yake aliposhikwa na homa baada ya kumzaa, mimi nilikuwa na maziwa, nikakuweka wewe titi moja na yeye titi jingine, mkawa mnapigana mateke juu ya tumbo langu. Nilijua yote hayo. Lakini nilikuwa nimepata siri nzuri, na siri nzuri kwa mtu wa aina yangu ni ubeti.

Siku hiyo tulikuwa tumechelewa mbugani, wanawake wamechoka, mizigo imezidi. Mama Zefania hakuwapo. Mmoja akasema, "Mama Eliamani, tuvushe hapa, tutakufa." Nikaanzisha:

Kwa jirani yangu kuna ndama mpya,
analala darini, juu ya majani.
Halii, hanyonyi,
anaomba chumvi kwenye loshoro.

Walicheka hadi mmoja akaangusha mzigo. Wakaniuliza kwa kuimba, ndama gani anayeomba chumvi? Nami nikajibu kwa kuimba, ndama mwenye ndevu.

Pale mfereji unapokata njia, tarishi wa mshili alikuwa amekaa juu ya jiwe anaosha miguu. Alikuwa anacheka pamoja nasi. Hapa ndipo panaponichoma. Watu wanadhani niliimba bila kujua kwamba yupo, na mimi nimewaacha wadhani hivyo. Nilimwona. Nilimwona anacheka, nikafurahi kwamba hata mtu wa serikali anaupenda wimbo wangu, nikaongeza ubeti.

Watu wa mshili walikuja asubuhi wakati wa kukamua. Ulikuwa umekwenda kuuza ndizi Usa, kwa hiyo hukuona. Walimpitisha Zefania kando ya ua wetu, majani makavu bado yapo kwenye nywele, mikono imefungwa kwa kamba ya kufungia ng'ombe. Nilikuwa nimesimama na kibuyu cha maziwa. Alipofika usawa wangu akainamisha kichwa, akasema, "Shikamoo, mama." Hakusema kwa ubaya. Alisema tu kama anavyosema siku zote. Nami nikaitika, "Marahaba, baba," mdomo ukaitika wenyewe, wakaendelea kushuka.

Mama Zefania alikuja baadaye, akasimama penye ua wa masale unaogawa mashamba yetu. Hakuja kugomba. Uso ulikuwa umevimba. Akasema, "Mwenzangu, ule wimbo nimeambiwa. Nataka kujua jambo moja tu. Nani alikuambia?"

Nilikuwa na jibu, na lilikuwa fupi. Nilichungulia mwenyewe. Maneno mawili tu! Badala yake nilisema, "Watoto, mwenzangu. Watoto hawawezi kuficha kitu. Eliamani alinidokeza, mimi nikaona ni mzaha."

Akatazama nyuma yangu. Ulikuwa umerudi kutoka Usa, upo zizini unawakatia ng'ombe mgomba, hujui hili wala lile. Akakutazama muda mrefu, kisha akaondoka.

Mengine unayajua, uliyaishi. Vijana wenzako wakasogea pembeni kwenye benchi la kanisani. Mama Zefania akapita bila kuitika salamu yako, mwanamke ambaye hajawahi kukupita bila kukutania kuhusu kuoa. Wakasema aliyekula naye ndiye aliyemuuza. Ukaja kwangu jikoni ukaniuliza, "Mama, nimefanya nini? Kwa nini wananitazama hivi?" Nikageuza chungu. Nikasema watu wana maneno, watachoka. Ukaniuliza tena siku nyingine, na nyingine. Kila ulipouliza, neno moja kutoka kwangu lingekubakiza nyumbani. Niliogopa. Niliogopa wanawake wa njiani, niliogopa mwinjilisti, niliogopa kupoteza nafasi ya kuanzisha nyimbo kanisani. Ndivyo vitu nilivyoviweka kwenye mizani na mwanangu, nikaona vina uzito.

Kisha ukashuka Arusha bila kuniaga, ukarudi jioni miguu ina vumbi jekundu, ukakaa pale ulipozoea kukaa. Ukasema, "Mama, nimejiandikisha bomani. Daktari amenipitisha. Nitapelekwa kambini Moshi, alipo Zefania. Akiniona nimekuja kwa hiari yangu, atajua kwamba sikumuuza."

Unakumbuka nilipiga yowe. Ulidhani ni uchungu wa mama. Ulikuwa uchungu, ndiyo, lakini ndani yake kulikuwa na mtu anayeona moto aliouwasha mwenyewe. Nilikimbia kwa mshili, nikapiga magoti kwenye matope. Akaniambia kwa upole, "Mama, mimi nilimwacha. Amekwenda mwenyewe. Jina likishaingia bomani hata Mangi, mkubwa wetu sote, hawezi kulitoa." Nilirudi nyumbani, na hata hapo sikukuambia. Nikajidanganya kwamba ukweli hauna kazi tena.

Nikuambie habari za mjomba wako ambaye hukumwona. Katika vita vile vya kwanza, vya Wajerumani, alichukuliwa kubeba mizigo. Hakuna aliyetuambia alipofia. Kila jioni bibi yako alimimina maziwa ya mjomba wako katika kibuyu chake, akakiweka mahali pake, na asubuhi, kwa kuwa mwenyewe hajaja, tulipewa sisi wadogo. Maziwa yale nilikunywa mimi miaka mingi. Nilikuwa namwona mama yangu akisugua kibuyu kwa mkaa na kukijaza tena. Mtu aliyelelewa kwa maziwa yale hakupaswa kumcheka kijana aliyejificha. Nilijua vita ni nini kuliko wanawake wote wa njia ile, na ni mimi niliyeanzisha.

Sina mahubiri, baba. Sina hata mahali pa kusimama kuhubiri. Nina mawili matatu niliyoyapata kwa kuanguka, nawe yachukue au yaache.

Huko kambini mtakuwa vijana wengi, na vijana wakiwa wengi lazima apatikane wa kuchekwa. Atakuwepo anayelia usingizini, atakuwepo asiyejua kufunga viatu. Sikukatazi kucheka, nyumba yetu haina mtu asiyecheka. Ila kabla ya kuongeza ubeti, geuka umtazame anayecheka pembeni, ujiulize anataka nini. Mimi nilimtazama na sikujiuliza.

Kisha ukikosea, na utakosea kwa kuwa wewe ni wangu, liseme kosa likingali bichi. Siku ile penye masale lilikuwa la maneno mawili. Leo limenipotezea wewe.

Na watakuambia kwamba mwoga ni yule anayejificha. Labda kwa askari ni hivyo, sijui. Lakini Zefania aliogopa, akapanda darini. Mimi niliogopa, nikapanda mgongoni kwako. Mwoga wa kijiji hiki ni mimi.

Leo asubuhi ulipokuwa unanyolewa nilichuma jani la isale penye ule ua wetu, nikalifunga fundo kama inavyotakiwa mtu anapokwenda kuomba radhi. Mwinjilisti hapendi mambo ya isale, anasema msamaha wa Mkristo hauhitaji majani. Nilimwambia Mungu njiani, wewe ndiye uliyeliotesha, sasa lifanyie kazi. Nilimkuta Mama Zefania anamenya ndizi. Hakuinuka. Nikapiga magoti mbele yake, nikalishika jani kwa mikono miwili, nikasema yote. Ufa wa mlango, tarishi juu ya jiwe, ubeti niliouongeza, na uongo wangu juu yako. Aliendelea kumenya hadi mkungu ukaisha.

Akasema, "Kwamba umeimba nilijua. Nilifikiri umemwimba mwanangu tu. Kumbe umemwimba na wako."

Nikamsogezea jani.

Akasema, "Isale haikataliwi, nawe unajua, ndiyo maana umekuja nayo. Lakini hili jani si langu. Darini sikulala mimi. Mpelekee mwenyewe." Halafu akaanza kulia, na si kwa ajili ya Zefania. Alisema, "Siku zote hizi namnyima salamu mtoto aliyemlisha mwanangu." Tulilia wote wawili, kila mmoja upande wake wa maganda ya ndizi. Hakunikumbatia, wala usidhani tumepatana. Aliingia ndani akatoka na kibuyu kidogo cha samli, akasema, "Ampelekee ndugu yake. Na mwambie kesho apite hapa kabla ya kushuka. Nataka nimtemee mate ya baraka mimi mwenyewe."

Kwa hiyo kesho pita kwake kwanza. Samli nimeifunga kwa kitambaa isivuje. Jani la Zefania nimeliweka ndani ya kitabu cha baba yako, katikati, lisikunjike. Umwambie limetoka kwangu, na umwambie sababu yote, usinipunguzie. Kisha umwambie kwamba nilipoitika marahaba siku ile sikustahili shikamoo yake.

Kuna jani la pili, mwanangu. Utalikuta juu ya mzigo wako. Tangu nizaliwe sijaona mzazi akimpelekea mtoto isale, mtoto ndiye humpelekea mzazi. Wazee wakisikia watasema nimechanganyikiwa. Lakini aliyekosewa ni wewe, na desturi ikinizuia nitaikosea na desturi. Mikono yangu imeshindwa kukupa uso kwa uso, kwa hiyo nimeliweka hapo. Ukiweza kulichukua, lichukue. Usipoweza, liache kitandani, nitalikuta, na sitakuuliza, wala hutapungua kuwa mwanangu. Isale haikataliwi na mtu mzima aliyebaki nyumbani. Wewe unayeondoka kwa sababu yangu, nimekuruhusu uikatae.

Naona vumbi chini kule njiani, nadhani ni wewe unapanda. Nimalizie.

Kesho wanawake watasimama barabarani kuwaimbia ninyi mnaopanda lori. Walikuja kwangu wakitaka nianzishe, kama kawaida. Nimewaambia hapana, aanzishe Mama Zefania, maana wa kwake alishuka akiwa amefungwa kamba na hakuna aliyemwimbia. Nilimwomba leo asubuhi nikiwa bado nimepiga magoti. Akasema, "Nitaanzisha. Lakini wewe uitikie, nikusikie."

Basi utakaposikia sauti inayoanza si yangu, usigeuke kunitafuta mbele. Nitakuwa nyuma kabisa, miongoni mwa wanaoitikia.

Mama yako,
Ndeanasia